Bosi anataka wafanyakazi wote 14 wapelekwe semina, mi naona kama shida ipo kwingine

SWALI

Shikamoo anti, pole na majukumu. Jina naomba usiliweke maana hapa Dodoma tunajuana.

Mi ni meneja kwenye duka la vifaa vya ujenzi, tunauza simenti, nondo, bati, rangi, mabomba, misumari, yaani kila kitu cha saiti. Tupo 14 ukijumlisha dereva wa kirikuu na wapakiaji. Bosi ni mtu mzima, mtu mzuri tu, duka kalianza mwenyewe enzi zile mji umetulia, sasa tangu serikali ihamie huku biashara imekua haraka, watu wanajenga Iyumbu, Nala, Ihumwa, Mtumba huko, tukapata wateja wengi kuliko tulivyojipanga na makelele yakaanzia hapo.

Malalamiko ndo haya. Mteja akiomba proforma, ile karatasi ya bei kabla hajanunua, asubuhi anaweza kuipata kesho yake jioni, na hapo ashanunua kwingine. Vijana wa kaunta hawasalimii, mtu anaingia anasimama pale wao macho kwenye simu. Stoo wanatoa vitu tofauti na vilivyoandikwa, mwezi uliopita tu tulipeleka bati geji 30, zile nyembamba, kwa mtu aliyelipia geji 28, kule Mtumba, fundi kashaanza kuezeka ndo anashtuka, ikabidi kirikuu irudi usiku usiku na mteja tukampunguzia hela ili atulie. Nondo nazo hivo hivo, za milimita 10 zinaenda kwenye oda ya 12. Na kuna tenda ya taasisi moja tuliomba kupitia NeST, ule mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali, tukatolewa hatua ya mwanzo kabisa, eti kuna nyaraka hazikupandishwa inavyotakiwa. Aliyejaza ni dada wa hesabu, kwa kubahatisha, hajawahi kuifanya hiyo kitu.

Bosi kasema dawa ni semina. Kapata mtaalamu kutoka Dar wa kastama kea na "kubadilisha mtazamo", siku mbili, wote 14, duka linafungwa Ijumaa na Jumamosi. Milioni 4 na laki 2, bado ukumbi na chakula. Mwaka jana tulifanya kama hiyo, watu wakapewa vyeti na fulana, wiki mbili wakawa wanachekacheka na wateja alafu tukarudi palepale. Bosi anasema mwalimu wa safari ile ndo alikuwa mbovu. Anasema pia kila mwezi tunalipa SDL ambayo ni hela ya mafunzo, kwa hiyo kufundishwa ni haki yetu.

Na baada ya semina ambaye hatabadilika aondoke, hapo anamlenga kaka wa stoo. Mi roho inaniuma, yule kaka ana miaka sita hapa na hakuwahi kuwa mtu wa makosa, kaanza kuboronga tulipohamishia mzigo kwenye godauni la nyuma.

Kukusaidia kuelewa, bei za simenti na nondo zinabadilikabadilika kwa hiyo bosi huwa anazituma mwenyewe WhatsApp, na punguzo lolote mpaka yeye akubali. Vijana wa kaunta wanapata kamisheni kidogo kwa mauzo ya siku ya kila mmoja. Kuna dada mmoja tu anayechangamka na watu, huyo ndo tunampelekea wateja wote wakorofi na wa kurudisha vitu. Alafu bosi alivyosafiri China mwaka huu aliachia duka binti yake, yupo chuo bado, wiki ile proforma zilikuwa zinatoka ndani ya nusu saa, sijui alifanyaje.

Je wanahitaji mafunzo kweli? Na kama hawahitaji namwambiaje bosi bila kuonekana nampinga? Hela bado hajalipa.

Meneja, Dodoma

JIBU

Marahaba mwanangu, na kama hela bado ipo mfukoni basi tuna muda wa kuongea.

Umeandika kwamba hujui binti wa bosi alifanyaje, sasa kaulize, na kaulize leo. Vijana ni walewale, kompyuta ileile, wateja walewale, na proforma zikatoka nusu saa. Kama shida ni kutojua kuandaa proforma, wiki ile walifundishwa na nani? Mi nadhani ukiwauliza watakwambia kitu cha kawaida sana, kwamba binti alikuwa yupo pale pale dukani, au aliwaachia karatasi ya bei akasema msishuke chini ya hapa basi. Siku za kawaida kijana anaandika proforma yote vizuri, anafika kwenye nondo, anamtumia mzee meseji, mzee yupo benki au yupo msibani au anaendesha, jibu linakuja saa tisa, na likija ni bei ya nondo tu, bado ya simenti. Huyo kijana ukimpeleka semina hata mwezi mzima akirudi ataisubiri meseji ileile.

Na hapo hapo ndo penye ile habari ya macho kwenye simu. Sikatai, wengine wapo TikTok, vijana nawajua. Ila wewe mwenyewe umesema bei zinatumwa WhatsApp! Bosi ndo kaweka kitendea kazi ndani ya simu alafu anakasirika watu wanaangalia simu, sasa wafanyeje.

Kwa hiyo kabla ya kusema fulani afundishwe, kuna swali moja la kujiuliza kwa kila kosa, kosa moja moja, usiyachanganye kama alivyoyachanganya bosi. Chukulia unamwekea huyo mtu laki moja mezani sasa hivi, unamwambia ukiifanya hii kazi sahihi mbele yangu ni yako. Ataichukua? Kama ataichukua, basi anajua, na kumfundisha anachokijua ni kutupa hela. Kuna kitu kinamzuia, au kuna kitu kinamfanya aone haina faida. Kama hataichukua hata umpe siku nzima, anakodoa tu, hapo ndo tuongee habari ya mafunzo. Huwezi kumrudisha dereva wako wa kirikuu shule ya udereva kwa sababu gari imeisha mafuta.

Tuanze na kaka wa stoo maana huyo ndo yupo hatarini. Miaka sita anatoa bati na nondo bila shida, leo hajui tofauti ya geji 28 na 30? Anajua kukushinda wewe na mimi. Mtu aliyekuwa anafanya vizuri akaanza kuharibu, usiulize ana nini, uliza kumebadilika nini, na wewe umeshasema, godauni. Sasa fanya hivi, nenda kasimame humo ndani saa ile ya jioni magari yanapopakia, usiende asubuhi kukiwa shwari. Angalia taa. Bati za rangi moja, geji 28 na 30, kwa macho ni mapacha, kinachozitenganisha ni yale maandishi yaliyopigwa kwenye bati, na kwenye giza hayasomeki. Angalia kama zimepangwa sehemu mbili au zimeegemezwa ukuta mmoja. Angalia karatasi ya kutolea mzigo inayomfikia imeandikwaje, maana maduka mengi kaunta wanaandika "bati bluu 40" tu, geji wameiacha kichwani kwao, wa stoo abahatishe. Na hesabu kwa dakika hizo ni magari mangapi yanamsubiri yeye peke yake huku kuna fuso inashusha mzigo mpya na hiyo nayo anatakiwa aihesabu.

Nondo nazo zina dawa ya rahisi mno, kopo la rangi. Zinapoingia tu piga rangi kwenye ncha, nyekundu za 10, bluu za 12, zilale sehemu tofauti. Na kama gari kubwa linatoka pima japo chache kwenye mzani, nondo ya milimita 10 yenye urefu wa mita 12 ina kama kilo 7.4, ya milimita 12 inakaribia kilo 10.7, tofauti hiyo huwezi kuikosa. Kwa hesabu zangu taa mbili, kopo mbili za rangi na mtu mmoja wa kumsaidia kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili ni ndogo sana ukilinganisha na ile safari moja ya kurudi Mtumba usiku, mafuta, wapakiaji, na lile punguzo mlilompa mteja. Weka mwezi mmoja. Makosa yakiendelea kila kitu kikiwa sawa, hapo utakuwa na haki ya kumuita mkaongea vingine.

Na hilo la "asiyebadilika aondoke", mwambie bosi aende nalo taratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na kanuni zake za 2007 hazikatazi kumuachisha mtu kwa utendaji mbovu, ila zinataka mwajiri kwanza achunguze sababu ya huo utendaji, ampe maelekezo au mafunzo kama yanahitajika, na ampe muda wa kutosha kujirekebisha. Angalia neno kuchunguza sababu linatangulia. Mkimtoa kwa sababu ya bati wakati taa ya stoo haiwaki, ana siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, na pale mtaulizwa mlichunguza nini, cheti cha semina ya kastama kea hakitawasaidia.

Turudi kaunta. Hapa kwa kweli nimecheka kidogo, nisamehe. Mna dada mmoja anayejua kuongea na watu, na zawadi yake ya kujua kuongea na watu ni kupelekewa wakorofi wote wa duka. Wakati yeye anatuliza mtu aliyeletewa koki isiyofunga, wenzake walionuna wanauza na kamisheni inaingia kwao. Kila mtu pale kaunta anaona. Wamejifunza tayari, bila mwalimu wa kutoka Dar, kwamba ukichangamka unapata kazi ngumu na hela pungufu. Proforma nayo ni hivohivo, anaiandaa nusu saa, mteja anarudi baada ya siku tatu na hela anahudumiwa na mwingine, kamisheni ya mwingine. Mi mwenyewe ningekuwa pale ningeikimbia proforma.

Hiyo inarekebishika bila kuongeza shilingi. Jina la aliyeandaa proforma liandikwe juu yake na mzigo ukilipiwa ihesabike kwake. Wateja wa kurudisha vitu wapokelewe kwa zamu, au wapokee wewe meneja. Na waambie wazi mnataka nini maana "hudumia vizuri" kila mtu ana yake, sema mteja akiingia asalimiwe hata kama una mwingine mbele yako, proforma itoke ndani ya saa moja. Baada ya hapo angalia nani bado ananuna. Anaweza akabaki mmoja, na huyo ni wa kumuita pembeni mkaongea, sio wa kumfungia duka siku mbili. Alafu, bosi mwenyewe akiingia asubuhi huwa anawasalimia? Nauliza tu.

Sasa NeST, hapa nipo na bosi wako asilimia mia. Dada wa hesabu ukimwekea laki mezani hataichukua, hajawahi kuifanya, hajawahi kuonyeshwa, kajaza kwa kubahatisha. Hiyo ndo maana ya kuhitaji mafunzo, na kwenye barua yako yote nimeiona hapo tu. Tangu 2023 manunuzi ya serikali yalipohamia NeST kutoka kwenye ule mfumo wa zamani wa TANePS watu wengi wameachwa njiani, na kwa duka lililopo Dodoma katikati ya taasisi zote hizi ni hela inapita mlangoni. PPRA, ile mamlaka inayosimamia manunuzi ya umma, ndo wenye huo mfumo na huwa wanatoa mafunzo, ofisi zao zipo hapo hapo mjini kwenu, kaulize. Apelekwe yeye na mtu mwingine mmoja wa akiba, ili siku akiwa likizo ya uzazi msirudi kubahatisha. Wajifunze kwa kushika kompyuta, na nyaraka zenu wenyewe za duka, leseni, vyeti vya TRA na kadhalika. Ila kabla ya kuwapeleka hakikisha hizo nyaraka zipo na hazijaisha muda, usije ukasingizia ujuzi kumbe cheti kiliisha.

Kuhusu kumwambia bosi. Usiende na maneno, nenda na daftari. Kaa kaunta wiki moja, kila proforma andika imeombwa saa ngapi, imetoka saa ngapi, na katikati imekwama kwa nani. Usiandike "bosi kachelewa", andika "inasubiri bei ya nondo, saa 3:20 mpaka saa 8:45". Ataona mwenyewe, watu wazima wanasoma haraka kuliko tunavyodhani. Mzigo uliokosewa nao uandikwe na gharama yake. Vijana waambie unaandika nini na kwa nini, la sivyo watadhani unawatafutia sababu na watakuigizia wiki nzima.

Alafu mpelekee asubuhi ametulia, jioni akihesabu mauzo usimguse. Usimwambie semina haifai. Mwambie "mzee, kabla hatujalipa naomba tujaribu kitu kwa mwezi mmoja", na uombe kimoja tu, bei ya mwisho ya simenti na nondo iandikwe kila asubuhi ibaki kaunta, vijana waruhusiwe kushuka mpaka hapo, chini ya hapo ndo wampigie. Anaogopa kuibiwa, hilo ni la kawaida kwa mtu aliyejenga duka kwa mikono yake, kwa hiyo mwambie wewe utapitia risiti zote jioni. Na mkumbushe binti yake aliweza, mzazi hachoki kusifiwa mtoto.

Akikataa kabisa akasema mtaalamu wa Dar lazima aje, basi muombe huyo mtaalamu aje kwanza akae kaunta na stoo siku moja kabla ya kuandaa chochote, na mumuulize baada ya mwezi tutajuaje kwamba imefanya kazi, tutahesabu nini. Anayeijua kazi yake atakubali na pengine atawaambia haya haya niliyokwambia. Akianza kusema mafunzo ya mtazamo hayapimiki, mwambie bosi abaki na milioni zake.

Na hiyo SDL mueleweshe taratibu. Ni tozo analipa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea, inaenda TRA, sehemu yake inaenda VETA kusomesha mafundi wa nchi nzima. Sio akiba yenu mtakayorudishiwa kwa kufanya semina, na msipofanya semina haipotei. Utailipa mwezi ujao vilevile.